P ya Pomet

Katika nyumba yetu herufi P na B hazijawahi kujuana vizuri. Mume wangu ni Mkipsigis, mzaliwa wa huku juu ya Kapkatet, na tangu nimfahamu husema Pomet anapotaka Bomet na kari anapotaka gari. Akinikasirikia sana huniambia nina tomo anapotaka domo. Mimi nami si wa kujigamba. Wazazi wangu walitoka upande wa ziwa wakaja Kericho kuchuma chai, nikazaliwa kwenye nyumba za wafanyakazi, na ingawa nilikuwa karani wa kupima majani kwa miaka mingi na niliandika "sh" bila kukosea hata siku moja, mdomoni ilitoka "s" kila nilipokuwa na haraka. Samba, sule, sida. Watoto wetu walikula chakula cha jioni wakitucheka. Baba hana B, mama hana SH, walisema, sasa sisi tutaongea na nini?

Ndiyo maana nitaandika maneno ya mzee wangu kwa tahajia ya shule, isipokuwa pale herufi yenyewe inapokuwa kizimbani. Mara moja ilifika kizimbani kweli, na mimi nilikuwa shahidi aliyenyamaza.

Kabla ya kesi kulikuwa na gari. Ni saluni ya Kijapani yenye umri mkubwa kuliko ndoa yetu, rangi ya chai iliyozidi maziwa. Alilipata nyuma ya duka la mtu huko Sotik, kuku wakitaga kwenye kiti cha nyuma, akalivuta mpaka nyumbani kwa trekta huku mimi nikimuuliza kama watoto watakula vyuma. Alikuwa fundi wa malori ya kubeba majani kiwandani, na kila Jumamosi yake iliishia chini ya gari hilo. Injini ni ya silinda sita zilizopangwa mstari mmoja. Kabureta ilikuwa moja, akaweka tatu. Kisha akaenda Nakuru kwa mchongaji wa vyuma, akarudi na kemshafti mpya.

Kemshafti, kwa ambaye hajaolewa na fundi, ni chuma kirefu chenye vinundu vinavyofungua vali za injini. Vinundu vya kiwandani huwa vya wastani. Hivi vya Nakuru vilikuwa virefu, vya kuifanya injini inywe hewa na petroli kwa pupa. Matokeo yake, gari likisimama lilitetemeka na kugugumia kama sufuria ya githeri ikichemka, na likikanyagiwa mafuta liliruka. Kwenye kilima cha kwenda Litein wachumaji walikuwa wakiinua vichwa kabla hatujatokea kwenye kona. Nilijifanya naona haya. Ukweli ni kwamba nilikuwa nikikaa wima.

Ile kemshafti ya asili hakuitupa. Aliipaka grisi nene, akaifunga kwa gunia, akaisukuma chini ya kitanda chetu, upande wangu, pamoja na trei ya mayai yenye vile vyuma vidogo kumi na viwili vinavyofanya kazi nayo, kila kimoja kwenye shimo lake. Nimefagia nikiizunguka trei hiyo kwa zaidi ya miaka ishirini. Kila nilipouliza inangoja nini, alisema chuma kizuri hakitupwi.

Halafu mwaka juzi pikipiki iliyobeba magunia matatu ya majani ilimgonga nje ya kituo cha kupimia chai. Goti la kushoto lilivunjika vibaya. Daktari wa Kaplong alilishona na kulifunga kwa vyuma, kazi nzuri isiyo na lawama, na siku ya mwisho akamwambia, "Mzee, huu mguu utakupeleka shamba na utakupeleka kanisa. Lakini klachi, sahau." Klachi ya gari letu ilikuwa ngumu kama ya lori. Mimi mwenyewe niliwahi kuijaribu nikashindwa kuishusha hata nusu. Goti lake sasa lilikunjika kidogo tu, halafu likakataa.

Mwanzoni alitoka kila asubuhi na fimbo yake, akafunua turubai, akaiwasha injini mpaka ikapata moto, akaizima, akafunika. Nilimwona mjinga. Kisha siku moja hakwenda. Siku ya pili hakwenda. Akawa anakaa kwenye benchi la varanda akitazama barabara, chai inapoa mkononi, na huyu ni mwanamume ambaye hajawahi kuacha chai ipoe tangu nimjue. Hapo ndipo nilipoogopa.

Penye mzoga hapakosi tai. Akaja mtu wa Nairobi anayekusanya magari ya zamani, mstaarabu, viatu safi, akalizunguka gari mara tatu na kuahidi kulitunza. Mzee wangu alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema jambo bila kushauriana nami.

"Rudi baada ya Pasaka. Kama sitakuwa nimeiendesha mwenyewe kutoka hapa mpaka Ndanai na kurudi, utaenda nayo."

Ndanai ndiko tulikokwenda siku ya kwanza gari lilipotembea. Ilikuwa siku ya soko, na tulirudi na mbuzi kwenye kiti cha nyuma akitafuna mkanda.

Nilikasirika mpaka maziwa yakanimwagikia jikoni. Pasaka ilikuwa miezi mitatu mbele, na goti halikuwa likijua kalenda. Gari lenyewe lingeondoka ningelia kidogo, kisha ningefagia mahali lilipokuwa. Nilichoogopa ni kwamba yule mtu angeondoka na gari pamoja na mume wangu, aniachie fimbo na benchi.

"Weka otomatiki," nikamwambia.

Alinitazama kana kwamba nimemwambia avae leso. Kwake yeye otomatiki ilikuwa gari ya watu wa ofisi, wanaokanyaga tu na kungoja kuamuliwa. Mtu anayechaguliwa gia, alisema, ni mzigo kama mizigo mingine. Nikamjibu kwamba benchi nalo halina klachi. Kesho yake asubuhi akachukua fimbo, akashuka Kapkatet.

Fundi wetu ana gereji pale, karibu na barabara ya hospitali. Wazazi wake walitoka upande wa Mlima Kenya, lakini yeye huongea Kipsigis kilichonyooka kuliko changu, jambo ambalo sijawahi kulifurahia. Yeye na mzee wangu wamezeeka chini ya boneti moja. Walikaa juu ya matairi wakazungumza mchana kutwa, na siku zilizofuata mazungumzo yakahamia kwetu varandani, kwa sababu kwetu kuna chai. Mimi nilikuwa nikipita na birika, na mtu anayepita na birika husikia mengi.

Nilijifunza hivi. Kwenye otomatiki hakuna klachi ya mguu. Mahali pake kuna konvata, bakuli la chuma lililozibwa na kujaa mafuta, na ndani yake feni mbili zinatazamana. Injini inazungusha moja, mafuta yanayorushwa yanazungusha ya pili, gari linakwenda. Konvata nyingine hushika mapema, injini ikiwa bado inanong'ona. Nyingine hungoja mpaka injini ipige kelele ndipo ishike. Na injini yenye kemshafti kali kama yetu, fundi alieleza, nguvu zake zote ziko juu, chini haina kitu. Ukiipa konvata ya kushika mapema itasongeka, itazima kila mahali unaposimama.

"Ni kama kuoana, mama," akaniambia. "Lazima tabia ziingiane."

Nikamwambia anyamaze anywe chai.

Walimpata muuza vipuri Nairobi mwenye giaboksi mbili zinazoingia kwenye injini yetu bila kuchonga kitu, zote za zamani, zisizo na kompyuta. Mzee wangu hutumia kabambe, simu ya vibonyezo isiyoonyesha picha, kwa hiyo picha zilikuja kwenye simu yangu. Muuzaji alikuwa amezipaka ubavuni herufi za rafu zake kwa rangi nyeupe. Moja ilikuwa B, nyingine P.

B ilikuwa ya gia tatu, nzito, iliyotolewa kwenye gari la mashindano, na konvata yake ilikuwa ya kungoja kelele. Ingelingana na kemshafti ya Nakuru kama kufuli na ufunguo. P ilikuwa ya gia nne, iliyotoka kwenye gari la familia. Gia yake ya kwanza ilikuwa fupi, nzuri kwa vilima vyetu, ya nne ilikuwa ndefu ya kuipumzisha injini kwenye tambarare, na konvata yake ilishika mapema na kwa upole. Ila ukitaka kuweka P, kemshafti ya Nakuru sharti itoke na ile ya chini ya kitanda irudi mahali pake. Gari lingekwenda, tena vizuri. Lakini halingegugumia tena likisimama, na hakuna mchumaji ambaye angeinua kichwa.

Fundi alisema B. Wanaume wa gereji, ambao walianza kuja kwetu mmoja mmoja kutazama picha kwenye simu yangu kwa vidole vyenye grisi, wote walisema B. Mzee wangu alisema B kwa sauti kubwa kuliko wote, kwa kadiri alivyoweza kuisema.

"Na hii P ina ubaya gani?" nikauliza.

"Mama, hiyo ni ya kubeba maziwa," mmoja akasema, na varanda nzima ikacheka. Mzee wangu naye alicheka, lakini kifupi.

Mimi nilikuwa nawaza mteremko wa kuingia Sotik, ukungu wa asubuhi, malori ya miwa yakipumua usoni, na mwanamume mwenye mguu mmoja na nusu ndani ya gari linalongoja kelele ndipo liruke. Nilijua hawezi kuniambia anaogopa. Sijui hata kama nilitaka aniambie.

Siku ya kupiga simu tulikuwa wawili tu mezani. Aliweka kipaza sauti kwa sababu sikio lake la kulia lilikwisha kiwandani.

"Nimeamua," akamwambia muuzaji. "Nipe P."

"P, mzee? Uko sure?" Ilikuwa sauti ya mtu anayeandika.

"P. P ya Pomet."

"P ya... Haya, sawa, mzee. P inakuja."

Nilikuwa nimeshika birika. Masikio yangu, ambayo hayajawahi kupoteza B hata moja, yalisikia P kila mara, na yalisikia kalamu ya muuzaji ikikubaliana nayo. Neno moja kutoka kwangu lingetosha. Nimemsahihisha mara mia mbele za watu, benki, hospitalini, kwa mwalimu mkuu, hata mbele ya kasisi siku ya ubatizo wa kifungua mimba wetu. Siku hiyo nilimimina chai. Nilimimina mpaka kikombe kikajaa, nikatia vijiko viwili vya sukari, nikakoroga, nikanyamaza.

Sitajitetea sana. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na mimi nilijua mshindo wangu uko njiani ndani ya sanduku. Nilitaka P. Nilitaka mume anayekwenda na kurudi. Nilijiambia kwamba Mungu hakumpa ulimi ule bure.

Hatia ilinifanya mke mwema kupita kiasi. Nilipika chapati Jumatano, akaniuliza nani amekufa. Nilimkanda goti bila kuombwa. Wiki hiyohiyo mafuta taa yangu ya stovu yalipungua kwenye jerikani, na leso yangu moja ya zamani, ya maua mekundu, ikapotea kwenye kamba. Nilipomuuliza kuhusu mafuta taa alisema amesugulia goti, na kweli alinuka mafuta taa, kwa hiyo sikufuatilia. Mwenye hatia hana nguvu za kumchunguza mwenzake.

Sanduku lilifika Kapkatet siku ya mvua. Nilikwenda gereji, eti kupeleka chai. Fundi aliling'oa mbao kwa mtaimbo, akaondoa matambara, na hapo ubavuni, nyeupe pe, ilikuwa P.

"Ai!" akasema fundi. "Ati P? Mzee, si tulisema B?"

"Hata mimi nilisema P!"

"Ndiyo hii sasa, P."

"Si hiyo P! P! P ya Pomet!"

Gereji nzima ikaanguka kwa kicheko. Mtu mmoja alikalia ndoo ya oili bila kujua. Fundi alishikilia meza, akajipangusa macho kwa mkono wenye grisi, akapata pumzi ya kusema, "Wazee walisema heri kujikwaa kidole kuliko ulimi. Wewe umejikwaa kila mahali!" Mzee wangu aligonga sanduku kwa fimbo. Alimlaumu muuzaji, akalaumu mtandao wa simu, akalaumu mwalimu wake wa darasa la pili, akamalizia na Nairobi yote. Mimi nilitazama sakafu. Ilikuwa mara ya kwanza pale gereji mzaha wa P kupita bila mimi kucheka, na niliona aibu kwelikweli, kwa sababu walikuwa wakimcheka mtu kwa kosa ambalo ningeweza kulizuia.

Tukampigia muuzaji. B ilikuwa imechukuliwa na mtu mwingine siku iliyotangulia. Zilibaki wiki tano kufika Pasaka. Fundi akakuna kichwa.

"Hii tunaweza kuweka, mzee. Lakini ile kem ya Nakuru itatoka."

Kicheko kilikatika. Hilo halikuwa jambo la kuchekwa, na wote walilijua. Mzee wangu alishusha pumzi ndefu, ndefu kuliko ilivyohitajika, na kuegemea fimbo yake.

"Basi," akasema. "Kama ulimi ndio umeamua, mimi ni nani?"

Alipandishwa nyumbani na pikipiki, akarudi na gunia mapajani na trei ya mayai ameishika mbele kama sadaka. Alilifungua gunia juu ya meza ya gereji, na kemshafti ikang'aa kama kijiko cha wageni. Mimi nilikuwa nimejaa hatia yangu mpaka machoni, sikuona zaidi ya mng'ao.

Kazi ilichukua mwezi mzima. Giaboksi mpya ilikuwa ndefu kuliko ya zamani, kwa hiyo fundi alisogeza nyuma chuma kinachoibeba, na ile propela, chuma kirefu kinachopeleka nguvu kwenye magurudumu ya nyuma, ilipelekwa Kericho ikapunguzwa. Mbele ya rejeta waliweka rejeta ndogo ya kupooza mafuta ya giaboksi, kwa sababu vilima vyetu huyachemsha na mafuta yaliyochemka ndiyo kifo cha otomatiki. Kemshafti ya Nakuru ilitoka. Mzee wangu mwenyewe, ameketi kwenye kreti ya soda, alirudisha vile vyuma kumi na viwili kimoja kimoja kutoka kwenye trei, na hakukosea hata shimo moja. Alianza kumaliza chai yake ikiwa moto. Mimi niliona hilo kabla ya kitu kingine chochote.

Kulikuwa na shida moja tu iliyobaki, nayo ilikuwa mguu wa kushoto. Hauwezi kushuka sana, lakini una kumbukumbu. Siku ya kwanza ya kujaribu uwanjani, alipotaka kupunguza mwendo mguu ule ulijitupa kutafuta klachi, ukaikuta breki, ambayo kwenye otomatiki ni pana kama sinia, na fundi aliyekuwa kando yake akakibusu kioo. Siku ya pili vivyo hivyo. Siku ya tatu mzee wangu akavua kiatu cha kushoto akanipa mimi niliyekuwa nimesimama nje na thamosi. Mguu mtupu, alisema, utajua kwamba leo hauko kazini. Na ulijua. Tangu hapo huendesha gari na kiatu kimoja.

Siku ya mwisho ya soko kabla ya Pasaka tukatoka asubuhi, kiatu chake mapajani mwangu. Kwenye ile fimbo ya gia zimeandikwa herufi. Aliitoa kwenye P, ambayo ni ya kuegesha, akaiteremsha hadi D, ambayo yeye huiita T, na gari likaondoka barabarani pole kama mtu anayejua anakokwenda. Wachumaji hawakuinua vichwa. Nilingoja nisikitike, nikashangaa kusikia sauti ambayo sikuwahi kuisikia ndani ya gari lile. Mzee wangu alikuwa akiimba kwa pua. Labda ameimba miaka yote hiyo, na injini ilikuwa ikimmeza.

Mteremko wa Sotik aliushuka kwa gia ya pili, bila haraka, ukungu ukifunguka mbele yetu. Mikono yake ilitulia. Kabla ya hapo, Kaplong, alikuwa amepiga honi mbele ya hospitali, kwa ajili ya daktari ambaye bila shaka hakusikia. Ndanai tulikunywa chai, tukanunua mahindi ya mbegu na sufuria, mbuzi tukawaacha wenyewe na soko lao. Nilikuwa na furaha iliyonijaa kifuani, na nilipokumbuka birika furaha ile ikaingia mchanga.

Tulipokuwa tukirudi tulisimama kando ya barabara, kilima cha mwisho kabla ya Kapkatet, kununua mahindi ya kuchoma. Hakuzima injini. Ilikuwa ikizunguka laini, haigugumii, tungeweza kuongea bila kupaza sauti. Majivu ya mahindi yalidondoka juu ya kiatu chake, nikaingiza mkono chini ya kiti kutafuta tambara, nikatoka na leso yangu ya maua mekundu. Ilikuwa nyeusi kwa grisi ya zamani, ile iliyokauka ikawa kama lami, na ilinuka mafuta taa.

Nilikaa nayo. Leso ile ilipotea wiki niliyopika chapati. Sanduku lilikuwa bado halijaja. Nikaikumbuka kemshafti ikifunguliwa kwenye gunia ikiwa inang'aa, baada ya miaka ishirini ya kulala kwenye grisi.

"Uliisafisha ile kemshafti kabla giaboksi haijafika," nikasema.

Alitafuna mahindi yake, macho mbele.

"Ulijua ni P inayokuja."

"Mahindi yako yanapoa," akasema.

Basi nikamwambia. Nikamwambia nilisikia kila kitu siku ile mezani, nilisikia P na P na Pomet, na nikanyamaza kwa makusudi. Nikamwambia nilimwibia giaboksi yake halafu nikaacha gereji nzima imcheke.

"Hukuniibia," akasema. "Nilijua umesikia. Uliniwekea sukari."

Hanywi sukari. Hajanywa sukari kwenye chai tangu alipoacha kazi kiwandani, na mimi ndiye niliyemkataza.

"Sasa kwa nini hukusema tu kwamba unataka P?"

Akaupangusa usukani kwa kiganja, mahali pasipo na vumbi.

"Wakicheka hii goti, naumia," akasema. "Wangesema mzee amekwisha, amechukua ya kubeba maziwa. Hiyo ningezikwa nayo. Na wewe ungenihurumia, hata hiyo sikutaka. Lakini ulimi wangu? Ulimi wameucheka tangu nikiwa darasa la pili. Hauumi tena. Nikaona wacha ulimi ubebe."

Niliushika mkono wake uliokuwa na masizi ya mahindi. Kisha wazo lingine likanijia.

"Kwani B unaiweza?"

Akageuka akanitazama, akakusanya midomo.

"Bomet," akasema. B ilitoka nene, kamili, haina kasoro. "Bomet. Birika. Benchi."

"Miaka yote hii!"

"Inachosha mdomo," akasema. Akanichukulia leso mkononi, akajipangusa vidole, akaitupa nyuma karibu na sufuria. "Yule mtu wa Nairobi nitampigia tukifika nyumbani. Ama kuna shida?"

Aliitamka shida kwa SH yote, huku akinichungulia kwa pembe ya jicho. Mimi nami nilikuwa na SH yangu tayari mdomoni, safi, ya karani. Nikaimeza. Nikakiweka sawa kiatu mapajani, naye akashusha ile fimbo mpaka T.

"Hakuna sida," nikamwambia. "Twende."